Njia ya John Carpenter Kwa Mwongozaji wa Lubumbashi: Faida Yake na Mtego Wake

Kijana wa Lubumbashi anayetaka kutengeneza filamu za kutisha hupewa mashauri mawili yanayogongana. Wengine humwambia aanzie hapohapo, kwa sababu filamu ya kutisha haidai nyota wala pesa nyingi. Wengine humwonya kwamba akiingia huko hatoki, na kwamba katika mji ambamo watoto hufukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi, filamu za namna hiyo zinachochea moto. Hoja zote mbili zina uzito. Kazi ya mwongozaji wa filamu Mmarekani John Carpenter, aliyezaliwa mwaka 1948, ni kipimo kizuri, maana alivuna sana kwa bajeti ndogo na bado akalipia kubaki katika fani moja.

Tuanze na hesabu. Filamu yake ya kutisha Halloween ya 1978 iligharimu takriban dola 325,000, ikarekodiwa kwa muda wa wiki nne hivi, na kuingiza karibu dola milioni 70. Carpenter alichukua dola 10,000 tu kwa kuongoza, kushiriki uandishi na kutunga muziki. Mwigizaji Donald Pleasence, mwenye jina, alilipwa 20,000 kwa siku 5. Hapo wengi huona unyonge wa mwanzoni, lakini mimi naona mapatano ya mtu mwenye akili. Alipunguza ujira ili apate sehemu ya faida, uamuzi wa mwisho juu ya filamu, na jina lake juu ya jina la filamu yenyewe. Mwongozaji wa hapa anayepigania dola 200 zaidi za ujira huku akiacha haki zote kwa mwenye kamera amefanya kinyume kabisa.

Ubanaji wake wa matumizi nao ulikuwa na mpango. Kinyago cha muuaji kilikuwa cha dukani, cha Captain Kirk, mhusika wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa matundu ya macho. Hadithi ni ya Oktoba lakini upigaji ulifanyika majira ya kuchipua, hivyo majani makavu yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, kisha yakaokotwa tena kwa ajili ya onyesho lililofuata. Damu inayoonekana ni kidogo mno. Ila kwenye lenzi hakubania: alitumia fremu pana ya lenzi za Panavision, kwa kuwa katika fremu pana nafasi tupu kando ya mhusika inamtia mtazamaji wasiwasi kabla hakijatokea kitu. Uwanja mtupu wa parseli (kiwanja cha nyumba) huko mtaa wa Katuba usiku, na taa moja tu ya mlangoni, unaweza kufanya kazi hiyohiyo bure.

Sauti ndiyo iliyoiokoa filamu ile. Carpenter ameeleza kwamba aliionyesha kwa mtu wa studio bila muziki wala sauti za ziada, na mtu yule hakuogopa hata kidogo. Akaondoka na nia ya kuiokoa kwa muziki. Mdundo wake wa mapigo 5, aliofundishwa na baba yake kwa ngoma za bongo, unasumbua sikio linalotegemea mapigo 4, tena ni muziki unaochezwa na mtu mmoja kwenye kinanda.

Hapa Lubumbashi sauti ndipo filamu nyingi zinapokufa, na sababu zinajulikana. Umeme unakatika, grupu (jenereta) inawashwa, na mngurumo wake unaingia katika kila neno. Hauondoki katika montaji (uhariri wa filamu) bila kuharibu sauti za watu. Dawa ni kutumia grupu mchana kujazia betri, na usiku kurekodi kwa taa za LED za betri. Kama hakuna budi kuiwasha, iwekwe mita 50 au zaidi, nyuma ya ukuta, na waya uwe mnene wa kutosha, la sivyo taa zitafifia. Grupu ndogo ikizidiwa mzigo, mwendo wake unayumba na mistari ya giza inaanza kupita kwenye picha. Kwa umeme wa kawaida wa hetsi 50, kamera iwe kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, yaani kila picha ipate mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Katika kila chumba rekodi sekunde 60 za ukimya wa pale ndani. Bila huo, kila panapokatwa patasikika kama shimo.

Msimu nao upangwe. Kati ya Mei na Septemba mvua hainyeshi, mabati hayapigi kelele, na vyura wamenyamaza. Baridi ya Juni na Julai inawachosha waigizaji usiku, lakini makoti na chai ni rahisi kuliko kurudia onyesho zima kwa sababu ya mvua ya Januari.

Kosa lingine kubwa ni kurekodi gizani kweli na kutumaini kuing'arisha picha baadaye. Chembechembe hujaa, na filamu ikipita WhatsApp giza linakuwa vipande vya mraba. Rekodi ikiwa na mwanga zaidi kidogo, kisha uishushe katika montaji. Kwa ngozi nyeusi, usimwage taa usoni. Iweke nyuma kwa pembeni, juu ya kichwa, ichore ukingo wa shavu na bega, halafu mwanga mwingine mwororo urudi kutoka kwenye shuka jeupe. Na kwa kuwa watu wengi wataitazama kwenye simu, jua kwamba spika ya simu haitoi zile sauti nzito za chini zinazotikisa kifua katika ukumbi. Mngurumo uliotegemea hautasikika kabisa. Uongezee sauti ya juu zaidi, kama mkwaruzo au pumzi, na kabla ya mshtuko acha ukimya wa sekunde 2 au 3.

Kwa upande wa ufundi, basi, wanaosema anza na filamu ya kutisha wanasema kweli. Tatizo ni kinachofuata.

Mwaka 1982 Carpenter alipewa na studio kubwa takriban dola milioni 15 kutengeneza filamu ya kutisha The Thing. Ilitoka siku moja na filamu ya Blade Runner, wiki mbili baada ya ile ya E.T., ikapigwa na wahakiki na haikuvuta watu. Akapoteza kazi ya kuongoza filamu ya Firestarter. Leo filamu hiyo inahesabiwa miongoni mwa bora za fani yake, lakini sifa za baadaye hazikulipa madeni ya wakati ule. Alijaribu kutoka kwa Starman ya 1984, iliyompatia Jeff Bridges uteuzi wa Oscar. Baada ya filamu nyingine ghali kuanguka mwaka 1986, alirudi kwa hiari kwenye bajeti ndogo: Prince of Darkness ya 1987 na They Live ya 1988, kila moja kati ya dola milioni 3 na 4, akiwa na uhuru wake. Wanaouita huo mtego wana haki kiasi. Ila mtego unabana vikali zaidi pale mwongozaji anapotegemea bajeti ya mtu mwingine.

Hoja nzito zaidi dhidi ya fani hii hapa kwetu inahusu uovu wenyewe: filamu inauweka wapi? Carpenter amekuwa akisema kuna hadithi mbili za kutisha. Katika ya kwanza uovu uko nje, gizani, nao ni wale wengine. Katika ya pili uko ndani, katika mioyo yetu sisi tulioketi kuuzunguka moto. Ya pili, kwa maoni yake, ni ngumu kuliko ya kwanza.

Hapa Lubumbashi ule urahisi wa hadithi ya kwanza una waathirika. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshutumu mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini, lakini shutuma zinaendelea. Filamu inayomwonyesha mtoto mwenye macho ya ajabu akila watu usiku, kisha mchungaji akimshinda, inaipa shutuma hiyo picha na sauti. Hapo siwezi kuitetea kwa kusema ni burudani tu.

Lakini kuikataa fani yote ni kosa. Living in Bondage ya 1992, iliyofungua wimbi la filamu za Nigeria, inasimulia mume anayemtoa mke wake kafara ili atajirike. Uovu wake ni tamaa, na umevaa suti. Mwongozaji Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alipeleka filamu yake Augure kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023 na kupata tuzo katika kundi la Un Certain Regard. Mhusika wake mkuu anaitwa mchawi na jamaa zake, na kinachotisha ni jinsi familia inavyomtazama. Filamu hiyo haikai sawasawa katika fani ya kutisha, na ilipitia fedha za ushirikiano wa Ulaya, njia ndefu yenye masharti yake. Hata hivyo imeonyesha kwamba mada hii inaweza kuguswa bila kumtupia mzigo aliyeshutumiwa.

Kwa hiyo ushauri wangu unaelemea upande wa kuanza, kwa sharti kwamba kamera ikae na anayeshutumiwa. Weka hofu katika mlango unaofungwa kwa nje, katika mjomba anayeacha kusema jina la mtoto. Kama mtoto anaigiza, wazazi wasome hadithi nzima kabla, na asitumike mtoto ambaye tayari ana sifa hiyo mtaani, maana filamu itamfuata shuleni.

Na karatasi ziandikwe kabla ya siku ya kwanza. Filamu ya George Romero ya 1968, Night of the Living Dead, ilibadilishwa jina, na tangazo la hakimiliki likasahaulika katika nakala mpya. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma, na yeyote akaweza kuiuza. Andika nani ana haki, asilimia ngapi kwa mwenye kamera, ngapi kwa waigizaji, na nani anakaa na faili za awali. Ziwekwe kwenye diski mbili, katika nyumba mbili tofauti.