Odysseus hakupiga hodi

Kila anayesimulia kisa cha Odysseus, shujaa wa Kigiriki, na Polyphemus, lile jitu la jicho moja, hulibebesha jitu lawama zote. Sawa, aliyekula wageni sita hana wa kumtetea. Lakini turudi kitabu cha 9 cha Odyssey, utenzi wa Homer, kabla hajaliwa mtu. Odysseus na wenzake 12 wanaingia pangoni, mwenyewe hayupo. Wanawasha moto, wanakula jibini lake. Wenzake walishamsihi wachukue jibini na wanakondoo waondoke zao. Yeye kakataa, anataka amwone mwenye pango, huenda akapewa zawadi. Hapo ni mgeni au mdoezi?

Kigiriki cha kale kina neno moja, xenos, kwa mtu usiyemjua na kwa mtu uliyemkaribisha, kama "mgeni" wetu. Na utaratibu wao ulikuwa mgeni ale kwanza, jina baadaye. Katika kitabu cha 3 mzee Nestor anamngoja Telemachus, mwana wa Odysseus, ashibe, ndipo anauliza: nyinyi ni akina nani, mmetoka wapi, mna biashara au ni maharamia? Polyphemus anauliza hayohayo, kwa maneno yaleyale, ila hajatoa hata tonge. Kosa lake la kwanza ni hilo. Ila naye Odysseus alishaupindua utaratibu kwa upande wake: kala kwanza, kukaribishwa baadaye.

Tena anayetusimulia yote haya ni Odysseus mwenyewe, yuko kwa mfalme Alcinous, ambaye ameshampa zawadi na kumwahidi merikebu ya kumrudisha kwao. Angeachaje kulipaka jitu masizi?

Mwenyeji wangu mimi ni Eumaios wa kitabu cha 14, mtumwa, mchunga nguruwe. Anamtandikia mzee wa matambara ngozi ya mbuzi anayolalia mwenyewe. Anamchinjia nguruwe wawili wachanga, maana walionona huishia matumboni mwa wale wanaume wanaomposa mke wa bwana wake, waliojazana nyumbani kwake. Wageni wote na ombaomba, anasema, hutoka kwa Zeus. Hajui kwamba huyo mzee ndiye bwana wake, Odysseus, wala hamuulizi jina mpaka ameshiba.

Na safari hii Odysseus hakujiingilia tu. Mbwa walipomrukia aliketi chini palepale, fimbo ikamponyoka, mpaka mwenye kibanda alipotoka mbio kuwafukuza kwa mawe.