Namba 125 na foleni ya Ngamiani

Mwanamke wa Ngamiani akivimba tumbo, mtaani jibu la kwanza ni chango la uzazi. Atachemshiwa mizizi hadi afike hospitali ya Bombo tumbo limejaa maji. Kwa hiyo niliielewa foleni niliyoikuta kwenye kambi moja ya upimaji hapa Tanga: akina mama wazima kabisa wakitolewa damu kwa ajili ya CA-125, "kipimo cha saratani ya ovari", yaani vifuko vya mayai ya uzazi.

Kipimo hicho kina mwenyewe. Mwaka 1981, akiwa Boston, mtafiti Robert Bast na wenzake walitangaza kingamwili, yaani askari wa kinga, inayonasa protini ya saratani hiyo. Ilikuwa ya 125 kati ya walizojaribu, jina likabaki hapo. Miongo iliyofuata, hadi Houston alikohamia, Bast aliendelea kutafuta namna ya kuukamata ugonjwa mapema.

Wanaotetea foleni wana hoja nzito. Marekani, saratani ikigunduliwa ingali ndani ya ovari, zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi huvuka miaka mitano. Basi si tupime wote?

Uingereza walijaribu, kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliokwisha koma hedhi. Majibu ya 2021: saratani zilinaswa mapema zaidi, vifo havikupungua. Na kwetu kuna la ziada. Kifua kikuu cha tumbo, hedhi, hata mimba changa, vyote huweza kuipandisha namba (kiasi cha protini hiyo kwenye damu) juu ya 35, mpaka wa kawaida, na mtu akaishia kupasuliwa bure. Kibaya zaidi, karibu nusu ya wenye saratani changa namba yao haipandi. Hao hurudi nyumbani na karatasi ya kuwapoza moyo.

Je, Bast alipoteza umri wake? Hata kidogo. Mgonjwa wa Tanga anayekwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kutundikiwa dripu ya dawa, namba ikishuka kutoka mamia hadi makumi, daktari anajua dawa imeshika. Ikigoma, anafikiria dawa nyingine. (Hata hapo pana mpaka: utafiti wa 2010 ulionyesha kuwa kurudia dawa kwa sababu tu namba imepanda, dalili hazijarudi, hakukurefusha maisha.)

Mimi kambi ile ningeigeuza. Wale wazima wapimwe shingo ya kizazi, ambako uchunguzi unaokoa kweli. Damu na ultrasaundi awekewe yule wa mizizi, aliyevimba wiki tatu na kushiba kwa matonge mawili.