Kaburi Moja, Majina 48

Katika uwanja wa kanisa la Cardington, Uingereza, watu 48 wamezikwa kaburi moja. Ndio waliokufa meli ya anga R101, chombo kikubwa kilichoelea kwa gesi ya haidrojeni, ilipoanguka na kuungua karibu na Beauvais, Ufaransa, saa nane usiku wa Oktoba 5, 1930, ikielekea Karachi, ambayo wakati huo ilikuwa India. Waziri wa Anga, Lord Thomson, amelala humo pamoja na mafundi wa injini na wahudumu wa mezani.

Wanaoutetea ukumbusho huo usiomtofautisha waziri na fundi wana hoja nzito. Haidrojeni haikuuliza cheo cha mtu, na maiti nyingi hazikutambulika. Na kaburi halijengwi ili kumhukumu aliyemo ndani.

Lakini wako wanaokereka kuona waziri amelazwa sawa na wengine, nami nawaelewa. R101 iling'oa nanga ikiwa haijamaliza majaribio: baada ya kukatwa katikati na kurefushwa, ilijaribiwa safari moja tu, na hata mwendo wa kasi kamili haukupimwa. Mifuko yake ya gesi, iliyotengenezwa kwa utando wa matumbo ya ng'ombe, ilikuwa ikisuguana na mihimili na kuvuja. Cheti cha usalama kilitolewa dakika za mwisho. Haraka yote hiyo ya nini? Waziri alitaka kwenda India na kurudi kabla mkutano wa Dola ya Uingereza uliokuwa ukiendelea London haujamalizika. Huyu ndiye aliyejiita Baron Thomson wa Cardington, kwa jina la kijiji kile kile ilikojengwa meli.

Tumtendee haki: aliwaambia maofisa wake wasiruhusu papara yake iwasukume. Ila waziri akishatangaza tarehe, ni ofisa gani atakayesimama mbele yake na kusema meli haiko tayari? Tume iliyoichunguza ajali hiyo, chini ya Sir John Simon, haikumtia mtu hatiani, lakini mwaka 1931 iliandika waziwazi kwamba meli isingeondoka jioni ile kama masuala ya sera ya serikali yasingeisukuma.

Kwa maoni yangu, kaburi la Cardington liachwe lilivyo. Ndugu wa marehemu walihitaji mahali pa kulilia. Ila kuna mnara mwingine kule Allonne, meli ilipoangukia, kando ya barabara. Wanaopita pale hawana marehemu wa kumlilia, na wengi hawajapata kuisikia R101. Hapo ndipo ningeichonga sentensi ile ya tume, chini kidogo ya majina.