Kabla ya kushona tungefundishwa kufumua

Mwaka wa pili chuoni tulipewa kazi ya kutengeneza nguo mpya kutoka kwenye nguo iliyochakaa. Nikadamkia Karume, soko la mitumba Dar, nikainama pale chini zinapomwagwa nguo za buku buku, nikachomoa jinzi tatu za kiume, nikanunua na kitenge kipya cha bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti. Likatoka koti kali kwelikweli, nikapewa A, picha nikapiga, status nikaweka. Wiki iliyofuata nikalifua.

Sasa zile jinzi zilishafuliwa miaka na miaka huko zilikotoka, zilishamaliza kurudi, yaani kusinyaa. Kitenge ndo kwanza kinaonja maji, ile wanga yake yote ikatoka, kikarudi, bitana ikavuta koti zima mpaka mgongo ukapinda. Nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi, anakaa barazani mtaani kwetu na cherehani yake ya kukanyaga. Akaligeuza ndani nje, akacheka. "Binti, kitenge hukukiloweka?" Sikukiloweka, na kwa ada yote niliyolipa hakuna aliyeniambia niloweke.

Akachukua nusu ya wembe. Anakata uzi wa chini kila baada ya mishono mitatu minne, alafu anavuta uzi wa juu unatoka mzima mzima kama tambi, kitambaa hakijaguswa hata kidogo. Mi nilizoea kuchana tu, nusu ya nguo inaishia sakafuni. Akanambia miaka ya themanini mwanzoni nguo zilipoadimika, kola ya shati ikilika walikua wanaifumua, wanaigeuza upande mzima uje juu, wanairudishia, mtu anaenda nalo kazini miaka mingine miwili. Yaani hiki tunachofundishwa kwa slaidi kama kitu kimeshuka juzi kutoka Ulaya, huyu mzee amekifanya kwa njaa.

Kiukweli hapo ndo naona vyuo vyetu vinakosea. Mitindo endelevu, ile isiyoharibu mazingira, imekua somo la kuandikia insha, ila ukija mtihani wa vitendo unaambiwa njoo na mita kadhaa za kitambaa kipya. Na mitumba haiendi popote jamani. 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana ziiondoe taratibu ikifika 2019, Marekani ikatishia kutufungia soko la AGOA, ule mpango wao wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wengine tukarudi nyuma, Rwanda ikakaza na 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru. Kwahiyo mabelo yanaendelea kushuka, na kila belo lina zile ambazo hata muuzaji hazitaki, zipu imekufa, doa la wino, suruali ya mtu mwenye kiuno cha pipa. Hizo ndo zingekua kitambaa cha darasani! Kampala yupo Bobby Kolade na lebo yake ya Buzigahill, anachukua mitumba anaifumua anaishona upya alafu anawauzia walewale walioileta, kazi yenyewe ameiita Return to Sender, rudisha kwa mtumaji. Nilicheka sana nilipoisikia.

Ila nisiwadanganye, sipendi pia ile kasumba ya kila mwanafunzi kutoa mkoba wa jinzi na kusema ameokoa mazingira. Mkoba mmoja, belo zima bado lipo pale. Na nyingi siku hizi ni poliesta, na wengi wetu hata kuitambua hatuwezi. Wakati ni kuchomoa uzi mmoja tu ukauchoma, pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka inaganda kidonge kigumu cheusi. Dakika moja hiyo, mi nimeifundishwa barazani, nimekaa juu ya ndoo.

Ningekua na usemi, muhula wa kwanza wote usingekua na kushona kabisa. Mpe mtoto shati na nusu wembe, alifumue lote, ahesabu vipande, aone kola imejengwaje kwa ndani, alafu alirudishe lilivyokua. Na huyo mzee aletwe darasani alipwe kama mwalimu, sio aitwe siku ya maonyesho kupigwa picha. Najua watasema hana cheti. Sawa, ila wenye vyeti ndo walionipa A kwa koti lililopinda.

Bitana yenyewe nishaifumua, nishailoweka, ipo kwenye mfuko nyuma ya mlango. Kila nikipita barazani mzee ananiuliza, "Binti, koti?" namwambia kesho.