Si Kila Kipele cha Usoni ni Chunusi

Vitabu vya tiba vimezoea kuonyesha rosasea, ugonjwa sugu wa ngozi ya uso unaoleta wekundu na vipele, kwa picha za mashavu mekundu ya Wazungu, na kwa sababu hiyo wengi wetu, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya, tumeamini kwamba ugonjwa huu hautuhusu. Unatuhusu. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu hufichwa na rangi ya ngozi, mgonjwa huambiwa ana chunusi au mzio, na hapo ndipo balaa linapoanza.

Jirani yangu hukaanga vitumbua kila asubuhi. Akishakaa mbele ya jiko la mkaa kwa muda, mashavu na pua humwaka moto, ngozi hugeuka rangi ya zambarau iliyofifia, na vipele vidogo vyenye usaha hujitokeza. Ukimtazama kwa karibu, huoni vile vichwa vyeusi vinavyoziba vinyweleo vya mwenye chunusi. Alama hiyo, pamoja na mchonyoto anaousikia mwenyewe, ingetosha kumfanya mhudumu ashuku rosasea. Badala yake aliuziwa dukani tyubu ya krimu ambayo maandishi yake madogo yalitaja klobetasoli ya asilimia 0.05.

Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, zilizo kali kuliko zote za kupaka. Hubana mishipa ya damu, hivyo uso hutulia ndani ya siku chache na mtumiaji hufurahi. Lakini ikipakwa usoni kwa wiki nyingi hudhoofisha ngozi, hutanua mishipa, na yenyewe huweza kuzaa vipele vya aina ya rosasea, ambavyo huripuka zaidi pale mtu anapoiacha. Ndiyo maana anayeitumia kwa muda mrefu aiache kwa usimamizi wa daktari. Steroidi hizohizo huchanganywa kwenye mkorogo, na inanihuzunisha kuona dawa yenye nguvu kiasi hicho ikiuzwa rafu moja na sabuni bila cheti cha daktari. Nasimamia kauli hii: uuzaji huo ukomeshwe.

Rosasea haina tiba ya kuimaliza kabisa, ila hudhibitiwa vizuri. Ipo jeli ya metronidazoli, ambayo ni antibiotiki, na ipo krimu ya ivamektini ya asilimia 1, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Ivamektini ndiyo ileile tunayoijua kwenye kampeni za usubi na matende. Hapa hupunguza demodeksi, vijidudu vinavyoishi kwenye vinyweleo vya watu wazima wengi lakini huzidi kwa wenye rosasea. Nafuu huonekana taratibu, mara nyingi baada ya wiki 6 hadi 12.

Vichochezi hutofautiana kati ya mtu na mtu: jua, joto, pilipili, pombe, hasira. Chai haina haja ya kuachwa, kwa kuwa kinachochochea zaidi ni umoto wake, iache ipoe. Krimu ya kukinga jua ni ya lazima, na yenye rangi inayokaribia ya ngozi yako haikuachi na weupe usoni.

Macho nayo huguswa, jambo linalosahaulika mno. Mwenye vipele vya namna hii ambaye macho yake yanawasha, yanakauka na kukwaruza utadhani yameingia mchanga aende kliniki ya macho mapema, kwa sababu rosasea ikiachwa inaweza kuijeruhi konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na kupunguza uwezo wa kuona.