Nusu Siku, Mbwa Mzima

Mimi sikuomba kazi ya nusu siku. Nilipewa na ziwa.

Mei 15, 2024 uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Mimi nauza nyavu, kamba, maboya na taa za sola pale Kibirizi, Kigoma. Sasa niambie, ziwa likifungwa, nyavu atanunua nani? Bwana harusi? Tajiri yangu akaniita, akasema, "Mzee, kwa sasa uwe unakuja asubuhi tu, saa sita unaondoka. Hali ikitulia tunarudi kama zamani." Nikasema hewala. Agosti 15 ziwa likafunguliwa. Vipe, mitumbwi yetu ya uvuvi, vikaingia majini, dagaa wakaanikwa, kina mama wakarudi na mabeseni yao, kila kitu kikarudi kama zamani isipokuwa mshahara wangu. Mpaka leo, ikigonga saa sita, tajiri anatazama saa, ananitazama mimi, anakohoa.

Na hiyo nusu yenyewe mwezi ukiwa mpevu inakuwa robo, maana dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala majumbani na dukani tunabaki mimi na mizani. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya lile la Baikal kule Urusi. Mshahara wangu haulowanishi hata magoti.

Watu wanafikiri mtu wa nusu siku anapumzika nusu iliyobaki. Hao hawajaoa. Mama Zuberi alinipigia hesabu siku ya kwanza tu: "Kama tajiri kakupunguzia saa tano, hizo saa tano ni za nani? Za mifugo." Basi nikawa mfugaji. Tuna kuku kumi na mmoja, ambao kila mmoja inabidi umshike umtie tone la chanjo ya kideri kwenye jicho, na kuku wa kienyeji ukishamtia dawa jichoni haji kukusahau maisha. Ananitazama kwa lile jicho lingine. Tuna mbuzi watatu pia. Mkubwa wao nimempa jina Bajeti, kwa sababu nilimnunua Juni kwa matumaini makubwa, ikafika Julai kila kitu ndani ya nyumba kimeshaliwa. Bajeti anakula karatasi. Majani yapo, maganda ya muhogo yapo, yeye anataka karatasi. Kala barua ya kikao cha shule, kala risiti ya bati, siku moja kala gazeti nikiwa nimeshika upande wa pili nasoma. Nilibaki na michezo, yeye akaondoka na siasa.

Halafu yupo mbwa. Mbwa anaitwa Bila-Bila. Hafungi wala hafungwi. Tangu nimpate hajabweka, hajakimbiza mwizi, hajakimbiza hata bata. Mgeni akija usiku Bila-Bila ananyanyua mkia kidogo kumwonyesha mlango ulipo.

Sasa katikati ya mambo hayo, mwezi uliopita nilikwenda zahanati na kichwa kinachogonga, binti wa pale akanifunga ile mipira ya mkononi, akapampu, akatazama, akapampu tena kama hakuamini. 155 kwa 98. "Baba, hii ni presha. Unafanya mazoezi?" Nikamwambia, binti yangu, mimi nakimbiza mbuzi kila siku. Akasema, "Hiyo ni hasira, baba, siyo mazoezi." Akaniandikia dakika 150 za kutembea kwa haraka kila wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Tena nusu! Nikajiuliza kama kuna mtu kwenye mji huu anaweza kunipa kitu kizima.

Akaongeza, "Na punguza kusikiliza taarifa za habari." Hapo ndipo alipogusa kidonda. Mimi bila redio si mtu. Kuna mwingine anakunywa, mwingine ana nyumba ndogo, mimi nina taarifa ya habari. Vita ikitokea mbali huko, mimi ndiye wa kwanza mtaani kujua kwamba meli za mafuta zitachelewa, bei ya dunia itapanda, na Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wapanga bei ya mafuta, watatangaza bei mpya. Nikiwaambia majirani wananicheka. Jumatano ikifika bei inapanda, na kabla mtangazaji hajamaliza sentensi bodaboda wa hapa kijiweni wameshaongeza nauli. Bei ikishuka, ajabu, hao hao siku hiyo hawakusikiliza redio.

Nilijaribu kukwepa mazoezi kwa kisingizio cha umri. Mama Zuberi akanijibu bila kuacha kuchambua dagaa. "Meli ya Liemba ilitengenezwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kubeba watu. Wewe una miaka hamsini na minne, hujazama hata siku moja, goti tu." Sijui haya kayasoma wapi. Nadhani ni lile gazeti Bajeti alilokula, alisoma mapema.

Basi Jumatatu nikavaa suruali ya bluu ya michezo ya Zuberi, ambaye kabla ya kurudi chuo alikuwa ameniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, nikatoka Mwanga kushuka Barabara ya Lumumba kuelekea stesheni ya reli. Anayeijua barabara ile anajua kwamba kushuka ni neema, kupanda ni kila mtu na mapafu yake.

Kigoma hutembei haraka ukaachwa. Jane Goodall alipoingia Gombe 1960 kuwachunguza sokwe, iliwachukua sokwe miezi kadhaa kumzoea mama wa watu. Mimi hata dakika kumi sikumaliza, mtaa mzima ulikuwa umeshanichunguza na majibu yametoka. Mwanaume wa umri wangu akitembea mbiombio saa kumi na mbili asubuhi, bila mzigo, uso umekunjamana, huo ni msiba. "Mwakeye, poleni, ni nani?" Nikisema hakuna aliyekufa, naonekana nimechanganyikiwa na uchungu. Bibi mmoja alinishika mkono, akautikisa kwa huruma, na alipouachia nikakuta kiganjani noti ya elfu mbili. Rambirambi! Nilimrudishia. Sawa, nilimrudishia elfu moja, na hiyo ni kwa sababu alisisitiza.

Ndiyo maana Jumamosi niliamua kutoka na mbwa. Niliona kwamba mtu mwenye mbwa anaonekana ana shughuli. Nikamfunga Bila-Bila kamba ya nailoni, ile ya dukani, mita mbili nimekatwa kwenye mshahara. Kosa langu ni kusahau kwamba kwetu mbwa akifungwa kamba ana safari tatu tu: anauzwa, anakwenda kutupwa mbali, au anapelekwa chanjo. Ya nne haijawahi kuonekana.

Wa kwanza walikuwa vijana wa bodaboda: "Mzee! Leo Bila-Bila kafungwa ngapi?" Hao niliwazoea. Wa pili alikuwa mama muuza migebuka.

"Baba Zuberi, chanjo wanatoa wapi?"

"Chanjo gani, dada?"

"Si unampeleka mbwa?"

"Nampeleka kutembea."

Akanitazama juu mpaka chini. "Sema tu hutaki tukuwahi foleni." Kisha akageuka akapaza sauti iliyofika Ujiji: "We Hamisi! Mlete mbwa! Chanjo ni bure na wanakaribia kufunga!"

Nilifikiri nikiongeza mwendo watachoka. Walipoona naongeza mwendo wakajua nafasi zinaisha. Tulipofika katikati ya mteremko nyuma yangu kulikuwa na mbwa saba: wanne wa kamba, wawili wa waya, mmoja ndani ya toroli kwa sababu alikataa kutembea, na paka ndani ya kiroba ambaye mwenyewe aliniuliza kama wanyama wa aina hiyo wanapokelewa. Nikasema muulize daktari. Daktari gani? Hata mimi nilishaanza kuamini yupo. Umati wa namna ile sijauona mjini hapa tangu Julai 2021, Simba na Yanga walipokuja kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda 1-0, siku ambayo nadhani presha yangu ndiyo ilizaliwa.

Stesheni ile reli ilifika 1914. Imeona majeshi, imeona wakimbizi, lakini mlinzi wa asubuhi ile hakuwa ameona mbwa wanane kwenye msafara. Akatusimamisha. "Wanyama husafiri kwa kibali. Halafu leo hakuna treni." Tukasimama. Na mbwa wanane wakisimama pamoja wanapata nafasi ya kutazamana.

Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba kamba zilisokotana zikawa nyavu bora kuliko tunazouza, toroli likapinduka, kiroba kikatembea chenyewe hadi kwenye mtaro, na Bila-Bila, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akabweka. Alibweka mara moja. Aliposikia ile sauti akashtuka, akakimbia, na mimi kwa kuwa kamba nilikuwa nimeizungusha kwenye kifundo cha mkono, nikakimbia naye. Tuliipanda Lumumba yote. Simu ikalia mfukoni: hongera, umevunja rekodi.

Lakini kabla ya hapo nilifanya kosa kubwa kuliko yote. Kijana mmoja alichanwa ugoko na waya, damu kidogo. Mimi mtu wa habari sikuweza kunyamaza. Nikapanda kwenye ngazi nikatoa elimu: ukiumwa na mbwa osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu kimbilia hospitali ukachomwe sindano siku hiyo hiyo, usingoje, kwa maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna wa kukuokoa. Kila neno ni la kweli. Lakini walioko nyuma hawakusikia "ukiumwa". Walisikia "kichaa", wakasikia "hakuna wa kukuokoa", kisha wakaniona natimua mbio na mbwa.

Saa moja usiku nimekaa na redio, nasubiri dunia, Mama Zuberi akanisogezea simu. Ujumbe wa sauti kutoka kundi la vikoba, umeshasambazwa mara nyingi. Mwanamke analia: "Ndugu zangu wa Mwanga, fungeni watoto ndani. Kuna mbwa mwenye kichaa kauma watu sita stesheni. Anaongozwa na mzee wa suruali ya bluu. Mzee mwenyewe ameshaumwa, anakimbia hovyo." Nikazima redio. Miaka thelathini nasikiliza taarifa ya habari, siku nimetajwa, ndiyo hiyo.

Nikasema hakuna shida, Bila-Bila alichanjwa mwaka huu huu, ana kadi, nitaipiga picha niitume kwenye makundi yote. Nikaenda kwenye droo. Droo ilikuwa wazi. Nikatoka nje. Bajeti alikuwa amesimama kwenye mwanga wa taa, anatafuna taratibu, na pembeni mwa mdomo kimebaki kipande chenye nusu ya muhuri.

Jumatatu nimefika Kibirizi, tajiri hakuniruhusu kuvuka kizingiti. Alisimama nyuma ya marundo ya maboya. "Mzee, mimi sina neno na wewe. Ila nimeuliza, nikaambiwa mbwa akimuuma mtu anawekwa chini ya uangalizi siku kumi, waone kama ataendelea kuwa mzima. Basi na wewe kaa nyumbani siku kumi." Nikamwambia tajiri, hizo siku kumi ni za mbwa. Akasema, "Ndiyo, nyote wawili."

Leo ni siku ya nne. Nimekaa barazani na Bila-Bila amelala miguuni, na majirani wanakuja kunijulia hali, kila mmoja na maji. Wamesikia kwamba mwenye kichaa cha mbwa huyaogopa maji, kwa hiyo hakuna anayeuliza, wananikabidhi glasi wanasimama kutazama koo langu. Tangu asubuhi nimekunywa glasi tisa. Ya kumi nilisema ahsante nimeshiba, mtu akachukua mtoto wake akamweka nyuma ya kanga, nikainywa. Simu inasema nimetembea hatua 1,100, zote za kwenda chooni.

Sasa hivi kaja yule bibi wa rambirambi. Nimekunywa yake pia. Akatikisa kichwa, karidhika, akamimina iliyobaki kwenye bakuli akaisukuma kwa mguu mpaka mbele ya mbwa. Mtaa mzima umenyamaza. Bila-Bila, ambaye dakika tano zilizopita alimaliza sufuria nzima ya supu ya dagaa, kafumbua jicho moja, kainusa ile bakuli, kageuza uso.

Wamerudi nyuma hatua tatu, wote kwa pamoja.

"Mama Zuberi!" nimeita. "Hebu njoo uwaambie!"

Naye amefungua dirisha, kidogo tu.