Tusiwachoree Watoto Ubaoni

Miaka michache iliyopita, katika madaftari ya darasa langu la tatu, nilisahihisha ng'ombe 74 kwa mkupuo mmoja. Karibu wote walitazama kushoto, walikuwa na pembe zilizopinda kama herufi U na mkia uliogusa ardhi, kwa sababu ng'ombe niliyemchora mimi ubaoni asubuhi ile alikuwa hivyo hivyo. Aliyemkaribia wangu nilimpa vema, na aliyekuwa mbali naye nilimpunguzia alama, hadi nilipofikia daftari la mtoto mmoja ambaye ng'ombe wake alionekana kwa nyuma: mifupa miwili ya nyonga iliyochomoza, mkia katikati, na masikio yaliyojitokeza pembeni huku na huku. Mtoto yule huchunga ng'ombe wa babu yake kila jioni, na kwa mchungaji hivyo ndivyo ng'ombe anavyoonekana, kwa kuwa yeye hutembea nyuma yao. Katika darasa zima yeye peke yake ndiye aliyechora ng'ombe, ilhali wenzake walichora mchoro wangu.

Tangu siku hiyo sijawachorea watoto kitu ubaoni katika kipindi cha sanaa, na ninaandika makala haya kuwaomba walimu wenzangu wa shule za msingi waiache desturi hiyo. Sisemi hivyo kwa kudharau juhudi za mtu yeyote. Mwalimu mwenye vipindi vingi kwa siku, darasa lililojaa hadi mlangoni, na boksi moja la penseli za rangi lililofungiwa ofisini, huchora ubaoni kwa sababu ndiyo njia iliyo karibu naye: watoto wanatulia, kazi inakamilika ndani ya dakika 40, na madaftari yanasahihishika. Lakini mtoto anayenakili ubao anafanya zoezi la mwandiko. Kipindi cha sanaa, kwa maoni yangu, ni kipindi cha kuangalia kabla hakijawa kipindi cha kuchora, na mtoto hawezi kujifunza kuangalia ikiwa mwalimu ameshaangalia kwa niaba yake.

Jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba vifaa hakuna. Ni kweli kwamba rangi za dukani ni ghali na karatasi za manila huisha kabla ya muhula, na mimi pia nimekaa mwaka mzima bila kupata hata brashi moja. Hata hivyo, tatizo hilo halilazimishi kunakili. Somo ninalowapendekezea walimu waanze nalo halihitaji kitu zaidi ya bamia, kifuniko cha ndoo, kipande cha sponji la godoro lililochakaa, na masizi ya sufuria yaliyokorogwa kwenye uji mwepesi wa unga wa muhogo, ambao hushikamanisha rangi na karatasi. Anayeweza kupata bluu ya kufulia anaongeza rangi ya pili. Karatasi zetu ni migongo ya kalenda zilizopitwa na wakati na mifuko ya saruji iliyokung'utwa vizuri nje, upande wa upepo unakoelekea, kisha ikakatwa kwa wembe.

Kabla ya kuchapa chochote, kila kundi la watoto wanane hupewa bamia moja nzima na kutakiwa kuitazama kwa nje: mistari yake, vinyweleo vyake, jinsi inavyochongoka kuelekea ncha. Kisha ninawauliza ndani kuna nini, nao wanachora wanachokidhania. Baada ya hapo tu ndipo ninapoikata kwa upana, na hapo darasa hubadilika. Mtoto mmoja wa kike aliinuka kwenye dawati akasema kwa sauti kubwa, "Mwalimu, bamia ina nyota ndani!" Mama yake huipika bamia karibu kila wiki, na mtoto mwenyewe ameikatakata mara nyingi, lakini hajawahi kuambiwa kwamba inafaa kutazamwa. Wakahesabu vyumba vya mbegu. Wengi walipata vitano, kundi moja likapata saba, likadhani limekosea, nikawaambia wahesabu tena na wakapata saba vilevile. Bamia hutofautiana, na mtoto aliyeligundua hilo kwa macho yake hatasahau.

Mzazi mmoja alikuja shuleni akanieleza, kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba chakula si kitu cha kuchezea. Alikuwa na haki ya kusema, na nilimshukuru. Siku hizi ninatumia bamia zilizokomaa hadi zikawa ngumu kama ukuni, ambazo wauza mboga huzitupa kwa kuwa haziiviki, na kwa kuwa ni ngumu huchapa vizuri kuliko laini. Viazi vitamu vilivyotobolewa na wadudu navyo vinatosha kwa mihuri ya kuchonga. Ukataji wa wembe ninaufanya mwenyewe; watoto huchonga kwa msumari au mpini wa kijiko.

Kutoka kwenye chapa ya bamia, hatua inayofuata ni kanga, na hapa ningependa kila mwalimu wa pwani akae kwa muda, kwa kuwa sijui zana nyingine ya kufundishia sanaa iliyo kamili kama hii na inayopatikana katika karibu kila nyumba ya mwanafunzi. Kanga ina sehemu tatu ambazo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuzionesha kwa kidole: pindo, yaani ukingo unaoizunguka pande zote nne, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, yaani maandishi yanayokaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo la urefu. Ninawaomba watoto walete kanga za nyumbani kwa ruhusa ya mama au bibi, tunazining'iniza kwenye kamba ya katani iliyofungwa kutoka dirisha hadi dirisha, na kwa kipindi kizima hakuna anayeshika penseli. Tunatafuta umbo linalojirudia. Tunauliza mji umejazwa au umeachwa wazi. Tunatafuta korosho, ambayo imekuwa nakshi ya kanga kwa miaka mingi, na tunaitazama kisutu yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo bibi zao wanaijua kwa sababu ndiyo kanga ya harusi.

Swali gumu kuliko yote ni la pembeni. Nakshi ya pindo inakwenda vizuri upande mmoja, lakini inapofika kwenye kona hugeukaje? Kuna kanga ambazo ua la upande mmoja linasimama na la upande wa pili linapita moja kwa moja. Kuna nyingine ambazo mbunifu ameweka mraba wenye ua tofauti ili pande mbili zikutane bila kugombana. Watoto wa miaka tisa walibishana kuhusu jambo hili kwa dakika nyingi, wakienda kwenye kamba na kurudi, na ninaamini kwamba mabishano yale yaliwafundisha mpangilio wa nakshi kuliko maelezo yoyote ambayo ningeweza kuyaandika ubaoni. Walipoanza kuchapa kanga zao za karatasi, kila mmoja alikuwa na jawabu lake la kona.

Kisha jina. Kanga za mwanzo, zilizoenea pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, hazikuwa na maandishi. Majina yalipoingia yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, na za Kirumi zikafuata baadaye. Ninawaeleza watoto historia hiyo kwa ufupi, halafu ninawawekea sharti moja tu, kwamba jina lisiwe limenakiliwa kutoka kwenye kanga iliyopo kwenye kamba. Hapo somo la sanaa linakuwa pia somo la Kiswahili, kwa kuwa jina la kanga linataka maneno machache yenye uzito, tena yaliyogawanywa vizuri ili yasikwame ukingoni. Mtoto mmoja ambaye mama yake hukaanga maandazi alijaza pindo lake kwa pembetatu za muhuri wa kiazi, akaacha mji mtupu isipokuwa mistari mitatu ya moshi, na chini yake akaandika: MOSHI WA ALFAJIRI NDIO RIZIKI YETU. Kwa kuwa kanga huuzwa kwa doti, kila mtoto alichapa mbili zinazofanana, moja ikabaki darasani na nyingine ikaenda nyumbani. Kuchapa ya pili ifanane na ya kwanza ni kazi ngumu, na wale waliodhani wamemaliza mapema waligundua kwamba walikuwa nusu ya safari.

Kuhusu rangi, jikoni kunatosha kwa muhula mzima. Unga wa manjano ukichanganywa na maji hutoa njano kali, na ukiongezewa magadi kidogo hugeuka kuwa wekundu wa kahawia mbele ya macho ya watoto. Tone la ndimu huirudisha njano. Maji ya rozela ni mekundu, nayo yakikutana na magadi huelekea kwenye kijani na buluu. Rangi ya manjano hufifia juani, na ni vizuri kuwaachia watoto walione hilo wenyewe kwa kuweka karatasi moja dirishani na nyingine ndani ya kitabu. Udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa, ukasagwa na kukorogwa kwa kiini cha yai, unashika karatasi kwa uimara ambao huwashangaza hata walimu. Siku ya udongo ndiyo siku ninayowaeleza kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ambayo sehemu kubwa yake ni ya rangi nyekundu iliyotokana na madini ya chuma. Mtoto ambaye vidole vyake vimejaa udongo anaisikiliza habari hiyo kama habari ya watu wenye kazi moja na yeye.

Shule yangu iko Bagamoyo, kwa hiyo milango ya nakshi ya mji mkongwe haiko mbali. Tunaomba ruhusa kwa wenye nyumba, tunaweka karatasi nyembamba juu ya nakshi, na kuisugua kwa ubavu wa penseli au mkaa hadi umbo lijitokeze. Mahali pasipo na milango hiyo, mwalimu ana maganda ya miti, majani yenye mishipa, sarafu, na nyayo za kandambili. Ufinyanzi nitaupitia haraka kwa kuwa watoto wengi wa vijijini wanaujua kuliko sisi walimu. Anayefundisha Usukumani atakuta darasa lililokwisha kufinyanga ng'ombe wa udongo machungani, na kazi yake ni kuwapa nafasi. Ususi wa ukili unastahili makala yake peke yake. Nitasema tu kwamba wavulana wanaouona kuwa kazi ya wanawake huacha kusema hivyo wanapotambua kwamba ruwaza ya mkeka ni hesabu, na kwamba wenzao wa kike wanawashinda.

Naomba pia tahadhari moja kuhusu Tingatinga, kwa kuwa imekuwa mazoea kwamba somo la sanaa ya Tanzania ni kumpa mtoto twiga wa Tingatinga amnakili. Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya mraba vya mbao za dari na kwa rangi ya mafuta iliyokuwa ikitumika kupaka baiskeli, na alifariki mwaka 1972, kwa hiyo kazi iliyompa jina aliifanya kwa miaka minne tu. La kumfundisha mtoto kutokana na maisha yale ni kwamba mtu alichukua kilichokuwepo dukani kwa fundi akakitumia kwa namna yake. Twiga anayenakiliwa kutoka kwenye kadi hana tofauti na ng'ombe wangu wa ubaoni. Ni afadhali watoto wapewe ubao wa mraba wa boksi, waambiwe wachague mnyama au ndege wanayemwona njiani kwenda shule, na wamjaze madoa na mistari hadi kusibaki nafasi tupu. Kunguru na paka wa sokoni wanatosha kabisa.

Limebaki suala la kusahihisha, na hili linaniuma kwa sababu ninalikumbuka nikiwa upande wa pili wa kalamu nyekundu. Nikiwa darasa la nne nilipaka bahari rangi ya kahawia, nikapata alama ya kosa na viboko viwili, kwa maelezo kwamba bahari ni ya buluu. Mwalimu wangu hakuwa mwenyeji wa pwani yetu. Mto Ruvu huingia baharini kaskazini kidogo ya mji, na wakati wa masika maji yake ya tope huenea hadi mbali, kiasi kwamba kuanzia Machi hadi Mei bahari tunayoiona sisi ni ya kahawia. Nilikuwa nimeiangalia asubuhi ile ile. Kwa miaka mingi baada ya hapo nilipaka kila bahari buluu, bila hata kugeuza shingo kuitazama.

Kwa hiyo siwapi watoto alama kwa kufanana. Namwita kila mmoja na kazi yake, namuuliza aliona nini alipokitazama kitu, nami naandika maneno yake kwa penseli nyuma ya karatasi. Katika darasa kubwa hilo haliwezekani kwa siku moja. Huwachukua watu 12 kwa kipindi, na wengine wakiwa wanaendelea na kazi zao foleni huisha ndani ya wiki chache. Mdhibiti ubora aliyekuja kukagua aliniuliza alama ziko wapi, nikamgeuzia karatasi, akasoma tano au sita akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

Mwalimu anayetaka kujaribu anaweza kuanza na andalio la somo la wiki ijayo. Pale kwenye vitendo vya mwalimu, ambapo tumezoea kuandika "kuchora ubaoni", aandike kwamba atagawa kitu kimoja kwa kila kundi, bamia, jani la mkorosho, kandambili iliyokatika, chochote kile; na kwenye vitendo vya mwanafunzi aandike kuwa watakitazama na kukishikashika kwa dakika kumi, penseli zikiwa ndani ya mkoba.